Mungwana ni nani? Safari ya neno moja, kutoka Lamu mpaka Kalemie



Wiki tatu zilizopita nilikaa kwenye kikao cha familia hapa Kalemie, upande wa Kataki. Ndugu yangu, mtoto wa mama mkubwa, amepata mchumba, na wazee waliitana ili wazungumze habari ya mali. Soda zililetwa, watu wakacheka, kila kitu kilikuwa kinakwenda vizuri. Halafu mjomba wetu mmoja, mtu mwenye kuheshimiwa sana, akaweka chupa yake chini akasema:

"Sisi huku tuko bangwana, ee! Bale bakubwa yabo balikuwaka batumwa ya bangwana kule Mtowa. Sasa tutaoa kule namna gani?"

Kimya. Hakuna aliyejibu. Hata mimi, niliyesoma historia miaka yote ile na kupigiwa makofi siku ya kupokea karatasi, niliangalia viatu vyangu. Ndugu yangu alitoka nje, hakurudi ndani.

Nilirudi nyumbani na aibu mbili. Ya kwanza, sikusema kitu. Ya pili, hata kama ningesema, ningesema nini? Neno lenyewe nilikuwa silijui. Nimelisikia tangu utoto, lakini kila mara linabadilika. Jirani zetu wakisema "bangwana", wanamaanisha Waislamu: mwezi wa Ramadani utawasikia wakisema "bangwana bako mu kufunga". Nikisikiliza mpira kwenye redio za ng'ambo ya ziwa, upande wa Kigoma, mtangazaji anasifu "mchezo wa kiungwana", maana yake mchezo usio na rafu wala matusi. Na mjomba wangu analitumia kama karatasi ya ukoo: mungwana ni mtu ambaye babu zake hawakufungwa minyororo.

Muislamu, mtu wa adabu, mtu huru. Neno moja linabebaje mizigo mitatu hivi? Nikaanza kutafuta. Haya ndiyo niliyoyakuta, na mwishoni nitawaambia yalinifikisha wapi.

Kwanza, pwani

Neno hili lilizaliwa mbali na ziwa letu. Kwao ni pwani ya Bahari ya Hindi, na pwani wanasema mwungwana au muungwana, wengi wao waungwana. Katika miji ya zamani kama Lamu na Pate, waungwana walikuwa wenye mji. Waliishi kwenye nyumba za mawe, walijua kusoma Kurani, walikuwa na mashamba na vyombo vya baharini, na kila mmoja aliweza kukutajia baba, babu na baba wa babu bila kukwama. Ukienda Lamu leo, mtaa wa Mkomani bado unaonyesha nyumba zao.

Mwungwana hakusimama peke yake. Ili awepo, ilibidi awepo mwingine asiye mwungwana. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa Ujerumani mwaka 1903, anaonyesha ngazi hata ndani ya utumwa wenyewe. Kulikuwa na mjinga, yaani mtumwa aliyetoka bara juzi tu, hajui lugha wala dini. Kulikuwa na mzalia, aliyezaliwa pwani katika nyumba ya bwana wake. Mzalia alimdharau mjinga, na mwungwana aliwatazama wote wawili kutoka juu. Mmejua sasa neno "mjinga" tunalorushiana kila siku limepitia njia gani.

Hata mtumwa aliyeachiwa hakugeuka mwungwana kesho yake. Aliitwa huru. Huru ni yule aliyefunguliwa. Mwungwana ni yule ambaye hakuna mtu aliyewahi kumfungua, kwa sababu hakufungwa. Kuna mlango mmoja tu uliokuwa wazi: mtoto ambaye bwana alizaa na suria wake alihesabiwa huru kama baba yake, kwa sheria ya Kiislamu. Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 mpaka 1888, mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Kwa hiyo hata kule juu kabisa, damu safi ilikuwa hadithi ya mdomoni.

Neno lenyewe limetoka wapi?

Hapa ndipo patamu kwa sisi tunaopenda maneno. Yapange maneno yote ya jamii hiyo kwenye mstari mmoja. "Huru" ni Kiarabu. "Hadimu" ni Kiarabu. "Ustaarabu" nalo limejengwa juu ya Uarabu wenyewe. "Mshenzi" linatoka Uajemi, lilikuwa neno la kuwaita watu weusi wa pwani hii. "Mtumwa" ni letu kabisa, ni Kibantu: linatoka kwenye kutuma. Mtumwa ni anayetumwa, mtu ambaye miguu yake inakwenda kwa mdomo wa mwingine. Ndugu yake wa karibu ni "mtume", na yeye ametumwa, lakini na Mungu. Mwisho wa neno tu umebadilika, mmoja yuko sokoni, mwingine yuko msikitini.

Na "mwungwana"? Halina sura ya Kiarabu wala ya Kiajemi. Linachukua mu- na wa- kama maneno yetu ya watu, na ukiweka u- mbele unapata uungwana, kama utu na utumwa. Lakini hakuna kitenzi nyuma yake. Hatuna "kuungwa" kunakozaa mwungwana, kama kutuma kunavyozaa mtumwa. Wengine wanasikia ndani yake neno "mwana". Kwa sikio linakubalika, maana pwani "mwana" si mtoto tu, ni jina la heshima pia, na mwungwana ni mtoto wa watu wanaojulikana. Mzee mmoja hapa Kalemie aliniambia mungwana ni "mwana wa Mungu", basi, maneno yameisha. Ni maelezo matamu, lakini maneno kufanana sauti si undugu. Kwa njia hiyo tungeweza kusema "mtumwa" na "tumbo" ni ndugu pia.

Kuna njia nyingine, nayo ni ya mawe. Karibu na mdomo wa mto Tana, katika Kenya ya leo, kuna magofu ya mji wa kale unaoitwa Ungwana. James Kirkman alichimba pale, na kitabu chake kilitoka mwaka 1966. Kuna msikiti mkubwa, makaburi ya mawe, na ghuba iliyo mbele yake inaitwa ghuba ya Ungwana mpaka leo. Je, mji ulipata jina kwa sababu ulikuwa wa waungwana, au watu walijiita waungwana kwa sababu walitoka mji ule? Wanaopenda njia ya mwana na wanaopenda njia ya mji bado wanabishana. Mimi ninabaki na jambo moja lisilobishaniwa: neno hili halikuletwa na Mwarabu. Watu wa pwani wenyewe walilitengeneza ili watenganishe wenye mji na wasio na mji.

Neno linapanda bara

Karne ya 19, misafara ilianza kupanda kutoka Bagamoyo kupitia Tabora mpaka Ujiji, kutafuta pembe za ndovu na watu. Mwaka 1858, Burton na Speke walipofika Ujiji, waliwakuta wafanyabiashara wa pwani wameshakaa. Mwezi wa Machi Speke alivuka ziwa mpaka kisiwa cha Kasenge, huku kwetu, jirani na Mtowa, kutafuta chombo kwa Mwarabu mmoja. Maana yake watu wa pwani walikuwa wamefika kwenye upande wetu kabla ya Mzungu yeyote.

Sasa, nani alibeba mizigo na bunduki za misafara ile? Vijana wa Zanzibar na wa pwani. Wengi wao walikuwa watumwa waliokodishwa: walipokea mshahara, na bwana aliyebaki mjini alichukua sehemu yake. Lakini waliposhuka kwenye jahazi pale Bagamoyo na kuanza kutembea, walijiita nani? Waungwana. Stanley anawaandika hivyohivyo kwenye vitabu vyake, "Wangwana", na anawaeleza wasomaji wake kuwa ni watu weusi huru wa Zanzibar. Wengi hawakuwa huru hata kidogo. Stanley aliandika walichomwambia.

Ninapenda kuwawaza wale vijana. Zanzibar, mtumwa hakuruhusiwa kujivika kama bwana wake. Kofia, kilemba, viatu, kanzu ndefu, vyote vilikuwa lugha, na kila mtu alijua kuisoma. Lakini ukishatembea miezi mitatu kuingia bara, nani anakujua? Unavaa kanzu yako nyeupe ya merikani, gobori begani, unasema Kiswahili cha baharini, unamwona mtu wa Manyema kwa mara ya kwanza, unamwita mshenzi. Kwa macho yake wewe ni mungwana. Pwani wangekucheka. Huku hakuna wa kukucheka.

Mtowa

Mtowa iko kaskazini kidogo ya mji wetu. Miaka ya 1870 na 1880 ndiyo ilikuwa bandari ya upande huu, ng'ambo ya Ujiji. Anayetoka Nyangwe na Kasongo na pembe au na mateka alipita pale kusubiri mtumbwi. Wamisionari wa London walijenga kituo chao pale mwaka 1879, wakaishi wakiona misafara hiyo inapita.

Na hapa neno likabadilika tena. Wafanyabiashara walikuwa wachache sana. Tippu Tip hakuweza kutawala Manyema yote kwa Waarabu na Waswahili kumi hapa na ishirini pale. Alihitaji watu, na watu aliwapata wapi? Kwa watekwa wenyewe. Mtoto anachukuliwa kijijini, anatahiriwa, anapewa jina la Kiislamu, anafundishwa Kiswahili, anavikwa nguo, anapewa bunduki. Baada ya miaka michache yeye ndiye anayeingia kijiji cha wengine. Ngongo Lutete, aliyekuwa mkubwa wa vita wa Tippu Tip na ambaye baadaye alihamia upande wa Wabelgiji, alikuwa ametekwa akiwa mtoto. Wabelgiji walewale walimpiga risasi mwaka 1893.

Vijana hao wote waliitwa bangwana. Mabwana zao hawakuwa na nguvu ya kukataa, kwa sababu kijana mwenye bunduki yako anaweza kukuacha usiku na kwenda kwa tajiri mwingine. Ukimwita mtumwa mbele ya watu, kesho huna jeshi. Ukimwita mungwana, anabaki. Kwa hiyo neno lililokuwa jina la wenye nyumba za mawe Lamu, hapa ziwani likawa jina la mtu aliyenunuliwa kwa nguo na aliyekataa kukumbushwa.

Nimelifikiri jambo hili sana. Ukitaka, sema walidanganya. Mimi sioni hivyo tu. Mtu aliyenyang'anywa jina, kijiji na mama, akabaki na neno moja la kusimamia, akasema: mimi ni mungwana. Hilo lilikuwa dai, na lilihitaji moyo. Ila kuna upande mchungu ambao hatuwezi kuuruka: dai hilo lilisimama juu ya shingo ya mwingine. Ili mimi niwe mungwana, lazima nipate wa kumwita mshenzi au mtumwa. Walichukua kipimo cha mabwana zao kama kilivyo, wakapimia wengine.

Wabelgiji na Kingwana

Mwishoni mwa 1891, Kapteni Jacques alijenga ngome kwenye ufuko huu, akaipa jina la Albertville. Alitumwa na shirika la Kibelgiji la kupinga utumwa. Vita vya Wabelgiji na watu wa Tippu Tip vilianza 1892. Nyangwe ilianguka Machi 1893, Kasongo ikafuata Aprili, na Januari 1894 Rumaliza, aliyeshika upande huu wa ziwa, alishindwa. Waarabu wakubwa walikufa au walikimbilia Ujiji. Bangwana walibaki. Waende wapi? Kwao kulikuwa ni hapa.

Utawala mpya ulipoondoa soko la watu, neno halikuwa tena na kazi yake ya zamani. Likahamia kwenye dini: mungwana akawa Muislamu wa Kongo, yule ambaye Wafaransa na Wabelgiji walimwita "arabisé". Na likahamia kwenye lugha. Kiswahili cha bangwana kikaitwa Kingwana. Mwaka 1928, mmisionari Whitehead, kule Wayika juu ya Lualaba, alitoa kitabu cha kufundisha Kingwana. Kwa miaka mingi, ukisoma karatasi za wakoloni, lugha ninayowaandikia leo inaitwa hivyo.

Tuliangalie hilo kidogo. Kiswahili chetu, kinachosemwa na Mtabwa, Mluba, Mholoholo, Mbembe na Mutwa, Mkatoliki na Mprotestanti na Muislamu, kiliitwa kwa jina la watu ambao wengi wao walinunuliwa. Mabwana waliondoka, na lugha haikubaki na jina lao.

Na Wakatoliki tusijidanganye kuwa hadithi hii si yetu. Mababa Weupe walipochukua kituo cha Mpala mwaka 1885, watoto wao wa kwanza wengi walikuwa watoto waliokombolewa, maana yake walinunuliwa kutoka kwa wafanyabiashara ili wawe huru na wabatizwe. Mmoja alipata jina la Juma, mwingine alipata jina la Yosefu. Wote wawili walifika ziwani wamefungwa kamba moja.

Pwani nako neno halikutulia. Utumwa uliondolewa kisheria Zanzibar mwaka 1897, pwani ya Kenya 1907, Tanganyika 1922. Mtoto wa mtumwa na mtoto wa mwungwana wakasimama mbele ya hakimu mmoja. Polepole neno likaacha ukoo, likashika tabia. Ndipo watu wakasema "uungwana ni vitendo". Ndiyo maana mtangazaji wa Kigoma anaweza kumpa mcheza mpira uungwana bila kumuuliza babu yake ni nani.

Nyanya

Nilipofika hapo nikaenda kwa nyanya yangu, mama wa mama, ambaye ndiye aliyemzaa mjomba. Alikuwa amekaa chini anachambua ndagala. Nikamuuliza: mzee wetu wa kwanza hapa Kalemie alikuwa nani?

Akaendelea na ndagala zake muda mrefu. Halafu akasema:

"Ule muzee, tate ya bwana yangu, jina yake ya kwanza hakuna mwenye kuijua. Balimuleta mutoto, toka Manyema. Balimuuzisha na nguo kule Mtowa. Kiisha bakamupa jina ya Kiislamu, bakamuvalisha kanzu. Njo akakuwa mungwana."

Nikauliza: mjomba anajua?

"Anajua. Njo maana anasemaka kwa nguvu."

Sikulala vizuri usiku ule. Kikao cha pili kilikuwa Jumapili, na nilikuwa na maneno ya kutosha kumwangusha mtu mzima mbele ya watu thelathini. Lakini wahenga wa pwani walisema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Nilijiuliza: na yule anayemvua mwenzake nguo, yeye tumwite nani? Basi Jumamosi asubuhi nilikwenda kwake peke yangu. Nikamsalimia, nikakaa, tukazungumza habari ya bei ya mafuta. Halafu nikamuuliza kwa heshima: "Mjomba, yule mzee wa kanzu, jina lake alilopewa na mama yake lilikuwa nani?"

Aliangalia ziwa. Siku hiyo kulikuwa na upepo, mitumbwi yote ilikuwa imevutwa juu. Akasema tu: "Umeongea na mama." Nikajibu ndiyo. Akanyamaza tena, halafu akasema baba yake alimkataza kuuliza swali hilo, na yeye mwenyewe aliwakataza watoto wake.

Hakuniomba msamaha, wala sikuutaka. Jumapili alikuja kwenye kikao, akakaa kwenye kiti chake. Alipopewa neno akauliza: "Mbuzi ni wangapi?" Watu wakapumua. Familia ya msichana bado ina kidonda, maana maneno ya kikao cha kwanza yaliwafikia, na baba yake amesema tungoje mvua zipite kwanza. Ana haki. Neno lililosafiri miaka mia na zaidi haliwezi kutolewa mwilini kwa wiki tatu.

Ninawaandikia ninyi kwa sababu wengi wetu tutakaa kwenye vikao hivi, na kesho sisi ndio tutakuwa wajomba. Katika jimbo hili tumeshaona watu wakiuana, Batwa na Baluba, na kabla ya mshale wa kwanza kulikuwa na maneno ya kuonyesha nani ni mtu kamili na nani siye. Tuliosoma tuna kazi moja ndogo: kujua maneno hayo yametoka wapi kabla ya kuyarudia.

Kama nyanya au babu yako bado yupo, nenda kamuulize leo. Usimuulize kama ninyi ni bangwana au siyo. Muulize jina la kwanza la mzee wa kwanza, lile kabla ya kanzu na kabla ya ubatizo. Na kama huko kwenu, Moba, Kasongo, Uvira, Kigoma au Mombasa, neno hili lina maana nyingine, niandikie hapa. Ninazikusanya.